Botania ni ya Nani? Uhakiki wa Kazi ya Idara ya Chuo Kikuu, Ukitazamwa Kutoka Mikese

Utangulizi

Mikese ni mji mdogo wa Morogoro vijijini, yapata kilomita 30 mashariki ya mji wa Morogoro, penye stesheni ya Reli ya Kati na barabara kuu iendayo Dar es Salaam. Mtu asimamaye hapo huiona milima ya Uluguru upande wa kusini-magharibi. Upande wa mashariki, kuelekea Chalinze, huanza misitu ya miombo. Kutoka milimani hutiririka maji yanayoujaza mto Ruvu, na mto huo ndio tegemeo kubwa la maji ya Dar es Salaam. Kutoka katika miombo hutoka mkaa, nao pia huenda Dar es Salaam. Jiji linakunywa maji ya Mluguru na kupikia mti wa Mikese.

Swali la makala haya ni hili: kutoka Dar es Salaam, penye Chuo Kikuu na wataalamu wa mimea, ni kitu gani kinachorudi Mikese?

Tutajaribu kulijibu kwa kuihakiki kazi ya Idara ya Botania ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na ya wenzao wa Morogoro waliozaliwa katika chuo hicho hicho. Kuhakiki si kutukana, wala si kusifu ili mtu apendeze. Kuhakiki ni kupepeta: punje tuziweke, makapi tuyaache yapeperuke. Kada asiyejua kupepeta atakula vyote viwili, au atavitupa vyote viwili.

Mizizi ya kikoloni

Sayansi ya mimea haikuingia Uluguru ikiwa haina bwana. Iliingia pamoja na dola la Wajerumani. Mwaka 1894 Stuhlmann alikusanya mimea katika milima hiyo, na mwaka 1898 alikuja Walter Goetze. Misafara ya namna hiyo ilitembea kwa miguu ya wapagazi na kwa macho ya wenyeji walioijua njia na msitu. Lakini ua dogo la zambarau alilolikusanya Goetze huko milimani lilipofika kwa Engler mjini Berlin, liliitwa Saintpaulia goetzeana. Jenasi ilikwisha kupewa jina la ofisa wa kikoloni, Walter von Saint Paul, aliyepeleka ua la jamii hiyo Ulaya kutoka Usambara, likaandikwa na Wendland mwaka 1893. Spishi ikapewa jina la mkusanyaji. Mpagazi na mwongozaji hawamo.

Maua ya jamii hiyo yamekuzwa na kuuzwa katika vyungu kwa miaka mingi huko Ulaya na Marekani, na yamekuwa biashara kubwa. Mlima ulikotoka mbegu ya kwanza haukupata gawio lolote katika biashara hiyo. Haya ni malighafi yale yale tuliyozoea kuyasoma katika habari za katani na pamba, ila hapa yamevaa vazi la elimu.

Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha taasisi yao ya utafiti Amani, Usambara. Walijenga maktaba, mashamba ya majaribio na hebaria, yaani nyumba ya kuhifadhia mimea iliyokaushwa na kuandikwa jina lake, mahali ilipotoka na siku ilipochumwa. Shabaha ilikuwa moja: kujua ni mmea gani utakaoleta faida katika koloni. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Waingereza walirithi kazi hiyo, na mwaka 1950 hebaria ya Amani ikahamishiwa Nairobi. Vielelezo vingine vya mimea yetu vilikuwa Uingereza na Ujerumani.

Huko Berlin lilitokea jambo ambalo kila mwanafunzi wa Kitanzania anapaswa kulijua. Mwezi Machi mwaka 1943, katika Vita Kuu ya Pili, hebaria ya Berlin ilipigwa mabomu ikaungua. Vielelezo vingi vya Afrika Mashariki, vikiwamo vile vya kwanza ambavyo majina ya spishi yalisimama juu yake, viliteketea. Mimea ya Uluguru ikaungua katika vita ambayo Mluguru hakuianzisha, katika mji ambao hakuwahi kuuona. Hilo ndilo tunda la taifa kuwekewa kumbukumbu zake nyumbani kwa mtu mwingine.

Sayansi iliyokuja na fimbo

Kuna upande wa pili wa urithi huo. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa matumizi ya ardhi Uluguru. Wakulima waliamriwa kuchimba makinga ya matuta katika miteremko ili kuzuia mmomonyoko. Mmomonyoko ulikuwa jambo la kweli. Lakini amri ilitoka juu. Wakulima, na hasa wanawake, walitozwa nguvu kazi isiyo na malipo, na udongo wa juu wenye rutuba ulifukiwa chini katika mashamba ambayo tabaka lake ni jembamba. Mwaka 1955 watu wa Matombo walikataa. Polisi walifyatua risasi na mtu akauawa. Mpango ukavunjika.

Mafunzo yake kwa kada ni makubwa. Utaalamu unaomwendea mkulima kwa amri humfundisha mkulima kuuchukia utaalamu. Na baada ya risasi, hata lile jambo la kweli lililokuwamo ndani ya mpango, yaani haja ya kuulinda mlima, lilibaki likinuka ukoloni kwa miaka mingi.

Kuzaliwa kwa idara

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 kikiwa chuo kidogo chenye kitivo cha Sheria. Kitivo cha Sayansi kilifunguliwa mwaka 1965, na botania ikawa miongoni mwa masomo yake. Mwaka 1967 lilitangazwa Azimio la Arusha, na mwezi uliofuata Mwalimu Nyerere akatoa andiko la Elimu ya Kujitegemea. Mwaka 1969 Kitivo cha Kilimo kilifunguliwa Morogoro, chini ya mlima wenyewe. Mwaka 1970 Dar es Salaam ikawa Chuo Kikuu kamili cha taifa, na mwaka 1984 kitivo cha Morogoro kikawa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine.

Idara ilipewa kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa kufundisha walimu wa sekondari na wataalamu, kwa kuwa taifa lilikuwa na wasomi wa sayansi wa kuhesabika. Ya pili ilikuwa kujenga hebaria hapa hapa nchini, Mlimani. Wapo walioiona kazi hii ya pili kuwa anasa: nchi ina njaa, mtu anakausha majani! Sisi tunasema la hasha. Taifa lisilo na vielelezo vya mimea yake ni kama kijiji kisicho na daftari la wakazi. Mganga akisema dawa fulani inaponya, mtaalamu wa malisho akisema jani fulani linaua ng'ombe, ni lazima pawe na mahali pa kuthibitisha kwamba wanazungumza mmea mmoja. Kujenga hebaria Dar es Salaam baada ya moto wa Berlin kulikuwa kitendo cha ukombozi, hata kama waliokifanya hawakukiita hivyo.

Punje tatu

Sasa tupepete. Tutataja kazi tatu, zote za eneo linalozunguka Mikese.

Kazi ya kwanza ilifanywa juu kabisa mlimani. Mwanabotania wa Hungary, Tamás Pócs, aliyekuwa mwalimu katika Kitivo cha Kilimo Morogoro kuanzia mwisho wa miaka ya 1960, aliipima mimea midogo inayoota juu ya matawi ya miti: kuvumwani, yaani ile mimea mororo ya kijani inayofunika mashina, pamoja na jamaa zake. Alionyesha kwamba katika msitu wa miti mifupi ulio karibu na vilele, mimea hiyo ikikaushwa hufikia takriban tani 14 kwa hekta, wakati katika msitu wa mvua wa chini yake hufikia takriban tani 2 tu. Mimea hiyo hunyonya mvua na ukungu kama sifongo, kisha huyaachia maji polepole. Kwa maneno mengine, bomba la Dar es Salaam huanzia katika kuvumwani ya Uluguru.

Ni nani angedhani kwamba mtu anayepima kuvumwani anashughulikia maji ya mfanyakazi wa kiwandani? Hapa ndipo tunapowajibu wale wanaodharau nadharia. Utafiti hauwi wa kibwanyenye kwa sababu tu unahusu kitu kidogo. Unakuwa wa kibwanyenye pale matokeo yake yanapofungiwa.

Kazi ya pili ni ya Kimboza. Huu ni msitu mdogo wa hekta 400 hivi, chini ya Uluguru upande wa mashariki, juu ya mawe ya chokaa. Mwaka 1983 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa taarifa juu ya thamani na hali ya msitu huo, iliyoandikwa na Rodgers, Hall, Mwasumbi, Griffiths na Vollesen. Mwasumbi ndiye aliyekuwa mtunzaji wa hebaria ya Mlimani. Kimboza una mimea isiyopatikana penginepo duniani. Humo pia umo mti wa kigeni, Cedrela odorata, uliopandwa kwa ajili ya mbao kisha ukasambaa na kuwasonga wenyeji. Na humo katika miti ya jamii ya mkadi huishi mjusi mdogo wa rangi ya samawati, ambaye wafanyabiashara walimwinda na kumuuza Ulaya awe pambo la nyumbani. Mikadi ilikatwa ili kumpata. Biashara hiyo ya kimataifa ilipigwa marufuku kwa uamuzi wa mkutano wa mwaka 2016. Tazama: kutoka Saintpaulia hadi mjusi, zaidi ya karne nzima, njia ya malighafi ni ile ile.

Kazi ya tatu imefanyika jirani kabisa na Mikese, katika msitu wa Kitulangalo, kando ya barabara ya Chalinze. Chuo Kikuu cha Sokoine kina msitu wake wa mafunzo hapo. Luoga wa chuo hicho, akishirikiana na Witkowski na Balkwill wa Afrika Kusini, alichapisha mwaka 2000 uchunguzi wa jinsi wenyeji wanavyoitumia miti ya msitu huo na ya ardhi ya vijiji vinavyouzunguka. Na mwaka 2004 uchunguzi wa jinsi visiki vinavyochipua. Matokeo yake ni habari njema. Miti ya miombo ikikatwa haifi. Sehemu kubwa ya visiki hutoa machipukizi, na msitu unaweza kurudi iwapo machipukizi yataachwa yakue bila kuunguzwa, bila kukatwa tena mapema, na bila kisiki kung'olewa ili pawe shamba.

Maana yake kisiasa ni nzito. Mchoma mkaa wa Mikese amezoea kuitwa adui wa mazingira. Hufukuzwa, hunyang'anywa magunia, hutozwa faini. Na mlaji wa mjini, ambaye jiko lake ndilo linaloagiza mkaa huo, hatajwi. Lakini sayansi iliyofanyika mlangoni pake inasema kwamba mti wake unaweza kuvunwa na kuota tena kama mpunga wa maotea, ila kwa miaka mingi zaidi. Ikiwa hivyo, tatizo si mkono wa mchoma mkaa. Tatizo ni nani mwenye msitu, nani anayepanga zamu ya kukata, na nani anayekula faida ya gunia.

Makapi

Sasa tuseme upungufu, nao ni wa aina tatu.

Kwanza ni lugha. Kitabu kikuu cha mimea yetu, Flora of Tropical East Africa, kilianza kutolewa mwaka 1952 na kukamilika mwaka 2012. Kimeorodhesha zaidi ya spishi 12,000. Ni kazi ya miaka sitini ambayo hatuna budi kuiheshimu, na wanabotania wa Tanzania waliichangia kwa vielelezo na kwa jasho. Lakini ilisimamiwa kutoka Kew, Uingereza, na hakuna ukurasa wake ulioandikwa kwa Kiswahili. Taarifa za Kimboza na Kitulangalo nazo ni za Kiingereza. Anayeikata mihondolo na miyombo ya Kitulangalo, na ambaye ndiye aliyewafundisha watafiti majina yake, hawezi kuisoma habari ya miti yake mwenyewe. Hatuwezi kusingizia kwamba Kiswahili hakina maneno. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI ilitoka mwaka 1990. Chombo kipo, mkono wa kukishika ndio uliokosekana.

Pili ni mgawanyo wa faida. Hapa tutoke kidogo mlimani twende pwani, maana huko idara ilipata ushindi wake mkubwa, na ushindi huo unaonyesha udhaifu wetu. Profesa Keto Mshigeni wa Idara ya Botania alitumia miaka mingi kuuchunguza mwani wa pwani yetu na kushawishi kwamba unaweza kulimwa. Mwaka 1989 kilimo cha biashara kilianza Paje na Jambiani, Unguja, kwa mbegu kutoka Ufilipino. Maelfu ya wakulima, wengi wao wanawake, wakapata fedha zao wenyewe mkononi. Hii ni botania iliyoingia katika uzalishaji mali. Lakini sehemu kubwa ya mwani umeuzwa nje ukiwa mkavu tu, nao ukasindikwa huko kuwa kiungo cha vyakula na vipodozi. Mwenye kamba na vigingi hupata bei anayopangiwa; mwenye kiwanda hupanga bei. Sayansi ilifika kwa mkulima, lakini mnyororo wa thamani ulibaki na mabwana wa zamani. Kwa hiyo isidhaniwe kwamba mwanasayansi peke yake atatukomboa.

Tatu ni sisi wenyewe. Itakuwa unafiki kuwahakiki wataalamu na kuacha Chama. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka mwanafunzi apitie kazini kabla ya kuingia Chuo Kikuu, ili ajue maisha ya umma. Shabaha ilikuwa njema. Lakini katika miaka hiyo hiyo ya vijiji, mara ngapi mahali pa kijiji paliamuliwa bila kumwuliza mtaalamu wa udongo wala mzee anayejua maji yanapokauka? Tuliwaambia wasomi washuke kwa wananchi, kisha sisi tukawashukia wananchi kwa amri, kama yule bwana wa makinga ya matuta. Na tangu miaka ya 1980, fedha za umma zilipopungua, utafiti ulitegemea zaidi wafadhili wa nje. Anayelipa huchagua swali. Ikiwa swali linachaguliwa nje, tusishangae jibu nalo kuandikwa kwa ajili ya msomaji wa nje.

Mitazamo miwili ya kupigwa vita

Katika mijadala ya matawi na ya vyuo husikika mitazamo miwili, nayo yote ni potofu.

Mmoja husema: mtaalamu kazi yake ni kuchapisha, mambo ya kijiji ni ya wanasiasa. Huu ni usomi wa kujitenga. Mtafiti aliyepewa majina ya miti na wazee wa kijiji ana deni, na deni hulipwa kwa aliyekopesha.

Mwingine husema: wananchi wanajua kila kitu, hatuhitaji maprofesa. Huu nao ni ulevi wa maneno. Mzee wa Mikese anajua mti upi unatoa mkaa mzito na upi unapasua moto; pengine anajua hata kisiki kipi huchipua upesi. Lakini hakupima hekta kwa hekta, wala hawezi peke yake kujua mkaa wote wa ukanda huu unazidi au unapungukiwa na ukuaji wa msitu. Ujuzi wake na vipimo vya chuo ni mafiga ya jiko moja. Figa la tatu ni mamlaka ya kijiji juu ya msitu wake, nayo yametambuliwa katika Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, inayoruhusu kijiji kuwa na hifadhi yake. Huko Kilosa, katika mkoa huu huu, kuanzia mwaka 2012 vijiji kadhaa vilijaribu kuyakutanisha mafiga hayo: msitu wa kijiji uligawanywa, sehemu ikavunwa kwa zamu, visiki vikaachwa vichipue kwa muda wa miaka 24, na ushuru ukaingia katika mfuko wa kijiji. Jaribio hilo lilitegemea msaada wa nje, na hilo ni doa lake. Lakini limethibitisha kwamba mchoma mkaa akipewa msitu na maarifa anaweza kuwa mlinzi.

Kazi zilizo mbele yetu

Uhakiki usioonyesha kazi ni porojo. Tunapendekeza mambo manne, ambayo hayahitaji mfadhili.

Moja: kila utafiti unaofanyika katika ardhi ya kijiji uache nakala fupi ya Kiswahili katika ofisi ya kijiji, isomwe katika mkutano mkuu kabla ya mtafiti kupokea shahada yake.

Mbili: shule za sekondari za maeneo kama Mikese zianzishe hebaria zao ndogo. Gazeti kuukuu la kukaushia, ubao wa kubania na daftari vyatosha. Jina la Kiluguru liandikwe kwanza, la Kiswahili la pili, la kisayansi la tatu, na chini yake jina la mzee aliyeutambua mmea.

Tatu: matawi ya Chama yajifunze habari ya visiki kabla ya kupitisha maazimio dhidi ya wachoma mkaa. Kada asiyejua kwamba mti hukatwa na kuchipua hana haki ya kumhukumu aukataye.

Nne: mjini, ambako maji na mkaa huishia, suala hili lisiachwe kuwa la watu wa mlimani. Kila anayefungua bomba anahusika na kuvumwani ya Uluguru. Hifadhi ya mazingira asilia ya Uluguru ilitangazwa mwaka 2008. Lakini tangazo peke yake halizuii moto. Mkulima wa mteremkoni anayeombwa asilime karibu na chanzo cha maji ni lazima aulize, na ana haki ya kuuliza: anayekunywa atanilipa nini?

Tulianza kwa swali la kitu gani kinachorudi Mikese. Jibu la haki ni kwamba kimerudi kidogo, na kilichorudi kimekuja kwa lugha ya mgeni. Lakini maarifa yenyewe yapo. Yamekusanywa na Watanzania na marafiki zao kwa nusu karne na zaidi. Hayakuungua kama yale ya Berlin. Yamo katika makabati ya Mlimani na ya Morogoro. Waliokuwa wapagazi wa sayansi sasa ni maprofesa wake. Hatua iliyobaki ni fupi kwa kilomita, ingawa ni ndefu kisiasa: kuyatoa kabatini na kuyapandisha lori lile lile linaloleta mkaa mjini, linaporudi tupu.